Jinsi ya kujenga muziki wa kielektroniki kutokana na sauti ulizokulia

Prodyuza anayetaka kuutumia utoto wake kwenye kazi mpya mara nyingi huanza kwa kutafuta wimbo wa zamani. Anaukata sekunde nne, anauweka juu ya biti ya hausi au amapiano, kisha anamaliza. Kinachotoka ni biti ileile ya kila siku, imevishwa kanga tu. Mwongozo huu unapita njia nyingine. Mimi naamini kwamba kilichobaki mwilini mwako tangu ukiwa mdogo ni mwendo kwanza: namna vitu vilivyokuwa vikigongwa, vikipokezana, vikichelewa kidogo na kurudi. Melodi huja baadaye, na wakati mwingine haina hata haja ya kuja.

Tuna mfano mzuri hapa nyumbani. Singeli imezaliwa uswahilini Dar es Salaam, maeneo kama Manzese, Tandale na Mburahati, mikononi mwa vijana waliolala na kuamka na mnanda, taarabu na vigodoro, zile sherehe za usiku za mtaani. Walichukua vipande vifupi vya ala za taarabu, wakavizungusha na kuvikimbiza hadi mapigo 200 kwa dakika, wengine wakafika 300. Hakuna aliyewaambia kwamba huko ni kuenzi utamaduni. Walikuwa wanatengeneza muziki wa sherehe za mtaani kwao kwa kompyuta walizokuwa nazo. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, wasikilizaji wa Ulaya walisikia kitu ambacho hawakuwa na jina lake. Nguvu ile ilitoka kwa watu waliokuwa wanaijua kasi ya kigodoro kabla hawajaijua programu yoyote.

Unachohitaji

Kompyuta inayoweza kufungua programu ya muziki bila kuganda, na programu yenyewe. FL Studio ndiyo iliyozoeleka zaidi kwenye studio zetu za mtaani. Reaper ni nyepesi na bei yake ni nafuu, LMMS ni ya bure, na Audacity, nayo ya bure, inatosha kabisa kwa kukata na kusafisha sauti. Simu yako itakuwa maiki ya kuanzia. Tafuta hedifoni za waya, kwa sababu za Bluetooth huchelewesha sauti, na kazi hii inategemea vipande vidogo mno vya sekunde.

Hatua ya kwanza: andika orodha ya sauti, usiandike ya nyimbo

Chukua daftari, kaa peke yako, zima muziki. Andika kila sauti iliyokuwepo ulipokuwa na umri wa miaka mitano hadi kumi na miwili, ukiifuata siku kuanzia alfajiri mpaka usiku. Usiandike "taarabu" wala "kwaya". Andika kilichokuwa kinagongwa na nani alikuwa anakigonga.

Orodha ya mtoto wa mjini pwani inaweza kuwa hivi: muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, kijana wa kupaka rangi za kucha akigonganisha chupa, muuza sigara na pipi akitikisa sarafu kiganjani, konda akilipiga bati la daladala ili dereva aondoke, msumeno wa seremala, dufu la maulidi nyumba ya tatu, redio ya jirani ikipoteza stesheni na kuirudisha. Aliyekulia kijijini ataandika kinu, kengele ya ng'ombe, filimbi ya mwalimu wa zamu, rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni kuwa kengele ya shule. Aliyesoma shule ya msingi ya Tanzania hawezi kuuacha mchakamchaka wa asubuhi, miguu mamia ikikanyaga vumbi kwa pamoja huku mmoja akianzisha na wengine wakiitikia.

Mbele ya kila sauti andika mambo mawili: ilijirudia vipi, na mwili wako ulifanya nini uliposikia. Ulikimbia? Uliingia ndani? Ulianza kucheza? Sauti ambayo mwili uliijibu ndiyo ya kuanza nayo. Chagua tatu tu. Orodha iliyobaki itunze, ni mtaji wa kazi zijazo.

Ikiwa kwenye ukoo wenu kuna mpiga muziki, mpe nafasi yake. KMRU wa Nairobi, ambaye jina lake halisi ni Joseph Kamaru, amerithi jina la babu yake, mwanamuziki mkubwa wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu hakuzigeuza nyimbo za babu kuwa rimiksi za klabu. Kazi yake mwenyewe imejengwa zaidi kwa sauti za mazingira alizozirekodi na kuzinyoosha taratibu, na nyimbo za babu akazitoa upya mtandaoni zikiwa zilezile, ili watu wazipate. Naupenda mgawanyo huo: urithi ukahifadhiwa kama ulivyo, na sikio lililorithiwa likaachiwa uhuru wa kufanya jambo jipya.

Hatua ya pili: nenda ukarekodi

Sampo (vipande vya sauti vilivyorekodiwa tayari) za "Afrika" zinazouzwa kwenye vifurushi vya mtandaoni ziache. Zimesafishwa mno, na ngoma zake hupigwa kila mahali kwa namna moja. Kinu cha shangazi yako hakipo humo.

Nitaeleza kinu kwa kirefu, kwa kuwa ukikiweza hicho utaweza vingine vyote.

Weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite katikati. Tumia programu ya kurekodi inayohifadhi faili kwa WAV (faili lisilobanwa), 48 kHz, biti 24 kama simu inaruhusu. Rekoda iliyokuja na simu mara nyingi huibana sauti na kuitoa uhai. Kunja kanga mara nne, ilaze chini umbali wa kama mita moja na nusu kutoka kwenye kinu, uweke simu juu yake. Kanga itazuia mtetemo wa ardhi usipande moja kwa moja kwenye maiki. Piga jaribio fupi kwanza na uangalie kipimo: mchi una kishindo kikali, na sauti ikigonga dari itapasuka na haitarekebishika. Ikizidi, sogea nyuma.

Kisha waache watwange, nawe urekodi tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatisha. Watu wengi hukosa hapa, wanachukua nusu dakika na kuondoka. Mahindi yanapoingia kinuni yakiwa mazima, mchi hutoa mlio mkavu wenye chembechembe nyingi za juu. Yanavyovunjika, chembechembe zile hupungua. Yakikaribia kuwa unga, kishindo kinakuwa kizito na butu, kimebaki tumbo tu. Ndani ya dakika hizo umepata sauti inayojifunga yenyewe polepole, jambo ambalo kwenye kompyuta ungelifanya kwa kuzungusha kitufe cha filta. Unaweza kuujenga wimbo mzima juu ya safari hiyo.

Sikiliza pia yanayotokea katikati ya mapigo. Mtwangaji mzoefu hurusha mchi, hupiga kofi, kisha huudaka. Mwingine hugonga ukingo wa kinu kabla ya kushusha. Wakiwa wawili, wa pili huwa na uchelewaji wake wa kudumu. Wakiwa watatu, kila mmoja na zamu yake, unapata mgawanyo wa tatu kwa tatu ulio thabiti kuliko mashine nyingi. Wakimaliza, omba kwa adabu: "Shikamoo shangazi, naomba unipigie mara kumi polepole, moja moja." Hayo mapigo ya pekee yatakuwa kiki yako, yaani lile pigo zito la chini la biti. Chukua pia dakika moja ya ukimya wa uani pale pale, wenye kuku wake na upepo wake. Utauhitaji kuziba mapengo.

Kwa rimu ya gari, nenda kwa fundi pancha. Itundike kwa kamba, usiishike kwa mkono, maana mkono huua mlio. Igonge kwa chuma, kisha kwa kijiti, na uache kila pigo lififie mpaka lisisikike kabisa. Mkia wa mlio ndio utakaotumia zaidi kuliko pigo lenyewe.

Kama uko mbali na nyumbani na unamwomba ndugu akurekodie, mwambie asitume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa sababu ujumbe huo hubanwa sana. Arekodi kwanza, kisha faili alitume kama hati.

Hatua ya tatu: toa kasi kwenye rekodi, usiilazimishie

Usifungue mradi ukaandika 120 kwa mazoea. Sikiliza rekodi, hesabu mapigo 32, tazama yamechukua sekunde ngapi. Zidisha idadi ya mapigo kwa 60 kisha gawa kwa sekunde. Mapigo 32 kwa sekunde 20 ni 96 kwa dakika. Hiyo ndiyo kasi ya mradi wako.

Sasa gridi, ile mistari ya programu inayogawa muda. Programu nyingi hufunguka zikiwa zimegawa kila pigo mara nne, na sehemu kubwa ya ngoma zetu hazikai humo. Ngoma nyingi za pwani na bara hutembea kwa mgawanyo wa tatu, na mara nyingi mbili na tatu husikika kwa wakati mmoja, mkono mmoja huku na mwingine kule. Badili gridi iwe tatu kwa kila pigo, au weka 12/8, yaani mapigo manne, kila moja likigawanyika mara tatu. Ukibaki kwenye nne, utakuwa unaivunja ngoma ili iingie kwenye kisanduku, halafu utashangaa kwa nini haichezeki.

Pigo la kwanza liweke sawasawa na mwanzo wa mstari, mengine usiyaguse. Usibonyeze kitufe cha kunyoosha kila kitu. Yule mtwangaji wa pili anayechelewa, pima amechelewa kiasi gani, labda sehemu ya ishirini au ya thelathini ya sekunde, na uchelewaji huohuo uupe ala nyingine utakazoongeza, kama vile hai-hati (mlio mfupi wa matoazi) au besi. Hapo ndipo mwendo wa uani kwenu unapoingia kwenye mashine. Kwangu hii ndiyo kazi nzito kuliko zote, na inastahili saa nyingi.

Ukitaka kupeleka kasi juu kama wanavyofanya wana singeli, jua kinachotokea. Ukiongeza kasi ya sampo mara mbili kwa njia ya zamani ya kuizungusha haraka, sauti hupanda oktavu nzima, yaani semitoni 12, zile hatua ndogo za kinanda. Ukiongeza mara moja na nusu, hupanda karibu semitoni 7. Ule mlio mwembamba wa kinanda cha taarabu ndani ya singeli unatokana na hapo, na ni sehemu ya utamu wake. Programu za sasa zinaweza kuongeza kasi bila kupandisha sauti, lakini jaribu zote mbili kabla ya kuamua. Mara nyingi njia ya zamani inashinda.

Hatua ya nne: kata na upange

Fupi tu. Fungua faili kwenye Audacity, ondoa mngurumo ulio chini ya Hz 40 kwenye kinu, na ulio chini ya Hz 150 kwenye vikombe, sarafu na chupa. Kata kila pigo pale linapoanzia hasa, uache mkia wake wote. Toa majina yanayoeleweka: "kinu_kavu_01", "kinu_unga_03", "rimu_chuma_ndefu". Hifadhi rekodi ya awali isiyoguswa mahali pengine, na nakala yake kwenye diski tofauti.

Hatua ya tano: tuni kwa sikio

Rimu ya gari, sufuria na kengele havina noti moja safi. Vina milio kadhaa inayogombana. Chukua mkia wa rimu, uzungushe kwenye lupu ili ujirudie, kisha weka sauti nyepesi ya sinthi (kinanda cha kielektroniki) kando yake na uipandishe au kuishusha mpaka mtikisiko baina yao utulie. Umepata noti inayotawala. Ishushe oktavu moja, nayo itarefuka mara mbili; ishushe mbili, utakuwa na uwanda mpana wa sauti unaoweza kubeba wimbo bila sinthi nyingine.

Ukitumia ala za jadi, tahadhari ni kubwa zaidi. Ilimba (ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze vya Wagogo wa Dodoma havifuati noti 12 za kinanda. Noti zao zinaendana na mfululizo wa asili wa harmoniki, ule unaotoka kwenye uzi mmoja ukitetema. Harmoniki ya saba, kwa mfano, iko chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa takriban senti 31, ambayo ni karibu theluthi ya semitoni, kwa kuwa semitoni moja ina senti 100. Ukiweka besi ya kinanda cha kawaida chini ya ilimba, vitagombana, na mara nyingi prodyuza huamua kwamba ilimba ndiyo mbovu na kuinyoosha kwa plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza. Naomba sana usifanye hivyo. Shusha au pandisha besi yako kwa senti zinazohitajika, iifuate ilimba. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alizipeleka tuni hizo kwenye majukwaa ya dunia nzima bila kuzinyoosha, na watu walimsikiliza.

Hatua ya sita: rudisha spika uliyosikilizia

Ulipokuwa mdogo hukusikia muziki kupitia spika za studio. Uliusikia kwenye redio kaseti yenye betri zinazokaribia kuisha, kwenye spika za tarumbeta zilizofungwa juu ya mti wakati wa harusi, kwenye matangazo ya masafa ya kati na mafupi ya Radio Tanzania yaliyokuwa yakija na kuondoka usiku. Vikundi vya mchiriku vya Dar vilivipitisha vinanda vidogo vya Casio kwenye spika za aina hiyo, na mkwaruzo uliotokea ukawa sehemu ya muziki wenyewe.

Kwa kompyuta unaweza kukaribia hivi. Kwa spika ya tarumbeta, kata kila kilicho chini ya Hz 400 na juu ya Hz 5,000, kisha ongeza mkwaruzo kidogo. Kwa kanda, yumbisha sauti juu na chini kwa senti chache, mara moja hivi kwa sekunde, na upunguze ncha za juu. Kwa redio ya masafa mafupi, fanya sauti ipungue na kurudi polepole bila mpangilio.

Ila ipo njia bora kuliko plagini yoyote: chomeka waya kwenye redio kuukuu ya nyumbani, cheza sehemu ya biti yako, rekodi kinachotoka kwa simu ukiwa upande wa pili wa chumba, kisha kirudishe kwenye mradi chini ya ile sauti safi. Changanya kwa kiasi. Besi na kiki ziache safi, ili wimbo usimame kwenye spika kubwa. Ukiiweka rangi ya zamani kwenye kila kitu utapata wimbo unaosikika kama tangazo la nostaljia, na lengo letu ni kazi mpya.

Hatua ya saba: panga wimbo kwa kufuata tukio lenyewe

Mpangilio wa utangulizi, kujenga, kudondosha na kurudia umetoka kwenye klabu za wengine. Sauti zako tayari zina mpangilio wao. Mchakamchaka unaanza kwa mwendo wa kutembea, kiongozi anatupa mstari, kundi linaitika, kasi inapanda, pumzi zinakata mwitikio katikati, filimbi inasimamisha. Kutwanga kunaanza na mlio mkavu na kuishia kwenye unga. Mchezo wa ukuti unazunguka kwa upole hadi neno la mwisho, kisha wote chini. Chora tukio hilo kwenye karatasi kwa dakika, halafu ulifuate.

Tumia mwito na mwitikio kama kanuni ya kupanga ala: sauti moja iwe kiongozi, ikae katikati, kavu; mwitikio uwe wa sauti nyingi, umetawanywa kushoto na kulia, wenye mwangwi. Kiongozi abadili maneno, kundi libaki palepale. Hivyo wimbo unaweza kuzunguka dakika saba juu ya lupu moja bila kuchosha, kama ngoma halisi inavyokwenda usiku kucha.

Ukifika hapa, ondoa sampo mojamoja na usikilize kinachobaki. Mara kadhaa utagundua kwamba kinu kimeshamaliza kazi yake: mwendo wake umeingia kwenye besi na hai-hati, na chenyewe unaweza kukitoa bila biti kuanguka. Kitoe. Wimbo unaobeba mwendo wa kinu bila kinu ndani yake, kwangu mimi, ndio wenye nguvu zaidi.

Kabla ya kuufunga, wachezee watu waliokua nawe: kaka, binamu, rafiki wa shule. Usiwaambie umetumia nini. Angalia mabega na miguu yao. Mtu akianza kutikisa kichwa kwenye pigo tofauti na ulilodhani ndilo la kwanza, mwamini yeye, rudi ukarekebishe.

Hatua ya nane: haki za watu

Ukitumia kipande cha wimbo uliorekodiwa, hata cha sekunde mbili, kuna wenye haki wawili: aliyetunga na aliyemiliki rekodi. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na pa kuulizia ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kenya ina sheria yake ya 2001 chini ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko. Kwa nchi zote mbili haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo taarabu nyingi unazozipenda bado zina mwenyewe. Kenya pia ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi za jamii, yaani ngoma ya kijiji isiyo na mtunzi anayejulikana nayo si shamba la wazi.

Kwa wale uliowarekodi mwenyewe, elewaneni kabla ya kubonyeza kitufe. Waeleze kwamba sauti itatumika kwenye muziki utakaouzwa. Wape kitu siku ileile, na andikianeni mgao kama wimbo utaingiza fedha, hata kama ni karatasi moja yenye sahihi mbili na tarehe. Ngoma za unyago na jando zina mambo yasiyotoka nje ya waliochezwa au kutahiriwa. Muulize kungwi au ngariba kipi kinaruhusiwa, na akisema hapana, iwe hapana.

Kwenye maelezo ya wimbo, waandike kwa majina wanayotaka wenyewe na kitu walichopiga: mchi wa kwanza, mchi wa pili, makofi, rimu. Jaza taarifa hizo wakati wa kupakia wimbo kwa msambazaji, kwenye nafasi ya wapigaji, kwa sababu kuziongeza baadaye ni usumbufu na wengi huishia kusahau. Nakala ya wimbo uliokamilika wapelekee wao kwanza, kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu, kabla haujaingia mtandaoni.